Bi. Edah Khaemba na Kibodi Iliyokosea Asubuhi Tu

Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2007, Bi. Edah Nekesa Khaemba atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuutumikia Ushirika wa Wakuza Mbegu wa Mlima kwa miaka thelathini na minne na karibu miezi mitatu. Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1973, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, kama mpiga chapa katika ofisi yetu ya Bungoma. Anastaafu akiwa msimamizi wa masjala hapa Kitale. Kati ya tarehe hizo mbili amefanya kazi chini ya mameneja saba, na wote saba wakiulizwa watakiri kwamba ni wao waliokuwa chini yake.

Alipoanza, ofisi ya Bungoma ilikuwa chumba kimoja na taipureta moja iliyohitaji watu wawili kuinyanyua. Alikuwa akitembea kutoka Mabanga kila asubuhi, viatu vikiwa mkononi wakati wa mvua, na kufika kabla ya mwenye ufunguo. Mwaka 1981 alihamishiwa makao makuu Kitale. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Mifuko yote ya mbegu za mahindi iliyotoka katika ghala letu tangu wakati huo ilikuwa na lebo iliyopita mikononi mwake.

Wafanyakazi wanamwita Mama Derrick, kwa jina la kifungua mimba wake. Yeyote aliyefanya kazi naye anajua mambo matatu juu yake. La kwanza ni sikio. Akiwa masjala, mlango umefungwa, anaweza kusema ni nani anayechapa chumba cha pili, amekasirika au hajakasirika, na kama amekula chakula cha mchana. Alijifunza hayo enzi za taipureta, ambapo kila kidole kilikuwa na sauti yake.

La pili ni barua za hasira. Meneja akiandika barua kwa mkono huku ameuma meno, na kumpa Bi. Edah aichape, haichapwi siku hiyo. Inalala kwenye droo. Kesho yake anamuuliza mwenyewe kama imepoa. Mara nyingi imepoa, na mwandishi anaomba irudishwe kimyakimya. Kuna urafiki mwingi katika ushirika huu ambao bado uko hai kwa sababu ya droo hiyo.

La tatu ni vitambaa. Kwa Bi. Edah, mashine mpya ni mgeni, na mgeni hupokelewa kwa heshima. Taipureta, simu, mashine ya stensili, hata redio ya bwana ghala, kila kimoja kilipata kitambaa cheupe cha kroshia alichokifuma mwenyewe jioni baada ya kazi. Alivichovya katika maji ya sukari yaliyochemshwa, akavinyoosha, akavianika, vikakauka na kusimama vyenyewe kama sahani. Ukingo wa kitambaa, wenye vinundu vidogovidogo, ndio aliouloweka zaidi ili usilegee. Wageni kutoka Nairobi walipoingia ofisini kwetu, walisifu vitambaa kabla ya kusifu mbegu.

Sasa nieleze kuhusu kibodi. Sitaweza kuandika wasifu huu bila kuieleza, kwa sababu kibodi hiyo ilipoharibu mambo, isingekuwa Bi. Edah, mtu mwingine ndiye angekuwa anaandika.

Januari 2004 Ushirika ulinunua kompyuta mbili. Moja iliwekwa kwa Meneja, Bwana Kipngetich. Nyingine iliwekwa chumba cha lebo. Bi. Edah alizifumia zote mbili vitambaa vya kufunika kibodi. Bwana Kipngetich alikikataa chake, akisema mahali pa kitambaa ni kwenye kochi. Kile cha chumba cha lebo kilipokewa kwa mikono miwili na karani mpya aliyeajiriwa mwezi huohuo, akiwa katika miezi mitatu ya majaribio. Karani huyo nilikuwa mimi. Nilikifunua kitambaa kila asubuhi na kukirudisha kila jioni, nikikivuta kutoka juu kwa adabu, kama nilivyofundishwa.

Kila mfuko wa mbegu huwa na lebo yenye namba ya fungu, yaani namba inayoonyesha mbegu hiyo ilitoka shamba la nani na ilipimwa lini. Namba ya lebo isipolingana na ile iliyo katika daftari la wakaguzi, mfuko hautoki ghalani. Januari na Februari lebo zote zilikwenda sawa. Mvua ya kwanza ya Machi ilipoanza kunyesha, na wakulima wakaanza kupanga foleni, namba zikaanza kupungua tarakimu. Fungu la 4-1188 likachapwa 4-118. Fungu la 4-2779 likawa 4-279. Kufikia katikati ya mwezi, lebo mia moja na kumi na nane zilikuwa zimerudishwa na wakaguzi, na zote zilikuwa kazi yangu.

Ubaya wa hitilafu ile ni kwamba ilifanana kabisa na uzembe. Nilipoketi na Meneja akisimama nyuma yangu, nikichapa polepole kwa hofu, kila tarakimu ilitokea. Alipotoka na kazi ikaharakishwa, moja ilipotea. Asubuhi ilipotea, mchana ikarudi. Nilianza kujishuku. Nilirudi nyumbani nikivitazama vidole vyangu kama vya mtu nisiyemfahamu.

Kibodi ilifungwa kwenye boksi ikapelekwa Bungoma kwa Bwana Gichuki, fundi wetu wa kompyuta, mara mbili. Mara mbili ilirudi na kikaratasi. Cha kwanza kilisema: "Kibodi iko sawa." Cha pili kilisema: "Kibodi iko sawa. Angalieni mtumiaji." Bwana Kipngetich alikisoma cha pili kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, kisha akanigeukia. "Ati diploma yote hiyo, na nane mbili zinakushinda?" Watu walicheka. Bi. Edah hakucheka. Alikiomba kikaratasi kile, akakikunja, akakitia kwenye mkoba wake.

Jumatano, tarehe 24 Machi, Meneja aliandika barua ya kunifuta kazi. Aliiandika kwa wino wa buluu, mistari minne, akampa Bi. Edah aichape iwe tayari kwa kikao cha kamati siku ya Ijumaa. Adhuhuri alikwenda kuiulizia. Sote tulisikia jibu, kwa kuwa Bi. Edah hakuwahi kujifunza kunong'ona. "Bado ina moto, Bwana Meneja. Nikiichapa sasa itaunguza karatasi." Meneja aliguna, lakini hakuna meneja aliyewahi kuifungua droo ile kwa mkono wake.

Hivyo tukapata siku moja na nusu.

Bi. Edah hakuwa amesomea kompyuta. Alifanya kile alichokifanya kwa taipureta iliyogoma mwaka 1975: aliacha kuitazama mashine, akaanza kuyatazama makosa yake. Alizikusanya lebo zote zilizorudishwa, akazitandaza sakafuni, akavua viatu, akatembea katikati yake. Nyuma ya kalenda ya mezani aliandika alichokiona. Hakuna lebo iliyopoteza tarakimu inayosimama peke yake. Zilizopotea zote zilikuwa pacha: nane mbili, saba mbili, tisa mbili. Zote zilichapwa kabla ya saa nne asubuhi. Na hakukuwa na hata moja ya siku kavu.

Kisha alibadilisha kibodi. Yangu akaipeleka kwa Meneja, ya Meneja akaileta kwangu. Ile ya Meneja haikukosea hata mara moja. Yangu nayo, ikiwa kwa Meneja, haikukosea pia, kwa sababu Bwana Kipngetich anachapa kwa kidole kimoja, na huanza baada ya chai ya saa nne. Meneja alilichukulia jambo hilo kuwa ushahidi wa mwisho dhidi yangu. Bi. Edah alinirudishia kibodi yangu.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, ule unaoficha hata mti ulio mlangoni. Bi. Edah aliingia chumba cha lebo saa mbili kasoro, akageuza kiti, akaketi akinipa mgongo. Aliniambia nichape nane mbili, haraka, bila kuacha, mpaka aseme basi. Nilichapa. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili. Baada ya dakika chache aliinua mkono.

"Wewe unapiga mara mbili," alisema. "Hiyo kitu inarudi mara moja."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na lilikuwa sauti tu. Kitufe cha nane kilipobonyezwa kilishuka vizuri, lakini kilipanda kwa uvivu. Kidole kikirudi upesi kilikikuta bado kiko chini, na pigo la pili halikuhesabika. Ukichapa polepole, kitufe kinapata muda wa kupanda. Mchana, hewa ikikauka, kinapanda upesi. Bungoma, kwenye joto, kinapanda upesi zaidi. Bwana Gichuki hakukosea katika alichokiona. Alikuwa tu hajawahi kuamka Kitale mwezi wa mvua.

Lililobaki ni kujua kilichokuwa kikikishika kitufe. Bi. Edah alichomoa waya, akaigeuza kibodi juu ya karatasi nyeupe, akaigonga mgongoni kwa kiganja. Zikaanguka chembe ndogo zenye kung'aa. Nilidhani ni mchanga. Yeye alilowesha ncha ya kidole, akachovya, akaonja.

Nimewahi kuziona nyuso za watu waliopata habari mbaya. Uso wake haukuwa hivyo. Ulikuwa uso wa mtu aliyepotelewa na ufunguo siku nzima, kisha akaukuta mkononi mwake. Aliketi. Alikitazama kitambaa kilichokunjwa kando ya kompyuta, na ule ukingo wake wa vinundu uliokuwa ukilalia safu ya namba kila usiku. Alikishika ukingoni, akakikunja kidogo. Chembe zikadondoka.

Hapo angeweza kuisafisha kibodi na kunyamaza. Ingepona. Lebo zingetoka sawa kuanzia siku iliyofuata. Nami ningebaki na makosa yangu mia moja na kumi na nane, na barua ingekuwa imepoa vya kutosha kuchapwa. Aliirudisha kibodi mezani bila kuifuta hata vumbi, akanikataza kuigusa. Jioni hiyo alikitandaza kitambaa juu yake kama kawaida, akaenda kwa Meneja kuomba kitu kimoja: kikao cha Ijumaa kianze saa mbili asubuhi badala ya saa tano, na kifanyike chumba cha lebo.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kipketer, ni mkulima kutoka miteremko ya Mlima Elgon, na saa mbili kwake ni karibu adhuhuri. Alifika wa kwanza, buti zikiwa na tope, akauliza chai iko wapi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Bi. Edah alikifunua kitambaa, akamwomba Mzee aketi mbele ya kompyuta na kuichapa namba ya fungu lake mwenyewe, haraka kadiri awezavyo. Mzee alikuwa karani wa stesheni katika ujana wake, na vidole vyake havijasahau. Fungu lake lilikuwa 4-3788. Alichapa. Kompyuta ikaandika 4-378.

Alichapa tena. 4-378. Mara ya tatu aliinama karibu na kioo, akatuangalia sote, mmoja mmoja.

"Sasa hata mimi mnifute?" aliuliza. "Haya, andikeni barua."

Chumba kizima kilicheka, na mara hii nami nilicheka. Bwana Kipngetich alikuja akajaribu kwa kidole chake kimoja, na Bi. Edah akamhimiza, upesi, Bwana Meneja, upesi, kama una njaa. Akajaribu kwa vidole viwili. Nane ya pili ikapotea.

Ndipo Bi. Edah alipoigonga kibodi juu ya karatasi na kuwaonjesha wanakamati. Neno sukari lilipotamkwa, macho yote yalihamia kwenye kikombe changu cha chai kilichokuwa dirishani. Meneja alikuwa tayari ameinua kidole.

"Chai haina makosa," Bi. Edah alisema. "Hiyo sukari ni yangu." Akauvunja ukingo wa kitambaa mbele yao, juu ya jalada jeusi la daftari la kamati, mpaka likawa na weupe kama wa umande. Aliwaeleza: maji ya sukari hukauka yakawa chembe, chembe huanguka kitambaa kinapovutwa, na unyevu wa asubuhi huzirudisha kuwa gundi. Alisema amefanya hivyo kwa mashine zote kwa zaidi ya miaka ishirini, na taipureta hazikulalamika kwa sababu ni chuma na zilipigwa kwa nguvu. Alisema makosa mia moja na kumi na nane yaandikwe kwenye faili lake. Faili lake hadi siku hiyo halikuwa na doa hata moja.

Mzee Kipketer alilipangusa jalada kwa kiganja. Kisha akasema, "Huyu msichana tumemsumbua bure, bana." Akageuka kwa Bi. Edah. "Na wewe Mama Derrick, hatuna faili la kuandikia mtu amekosa kwa kupenda usafi."

Kikao kikageuka kazi. Bi. Edah alichora ramani ya vitufe vyote kwenye karatasi, kisha akavitoa kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko cha chai, akaviosha kwenye beseni la maji ya vuguvugu kama vyombo vya wageni. Sehemu ya ndani aliipangusa kwa pamba, kwa subira, mara tatu. Mvua ilipokatika na jua kutoka, vitufe vilianikwa uani juu ya ungo tunaoanikia sampuli za mahindi. Kuku wa pale uani wanajua kwamba kilicho juu ya ungo ni chakula, kwa hiyo Mwenyekiti wa kamati alisimama na fimbo kuwalinda A hadi Z kwa muda wa saa nzima. Picha hiyo haikupigwa, na ni hasara kwa Ushirika.

Jumatatu iliyofuata kulinyesha tangu alfajiri. Kabla ya saa nne nilikuwa nimechapa lebo mia sita na arobaini, kwa kasi yangu yote, na Bi. Edah akazikagua moja baada ya nyingine. Hakuna hata tarakimu moja iliyopotea. Alasiri lori la kwanza liliondoka kwenda Sirisia, la pili likaelekea Bungoma, na mvua ya kupandia haikumpita mkulima wetu yeyote. Bwana Kipngetich alikuja chumba cha lebo, akasimama mlangoni, akasema mbele ya watu walewale waliocheka kwamba alikosea. Si kila meneja anayeweza kusema hivyo, na ndiyo maana ninaliandika kwa heshima. Bwana Gichuki naye alituma kikaratasi cha tatu: "Samahani kwa mtumiaji." Tangu siku hiyo anamwita Bi. Edah Daktari, na mteja akimletea mashine, swali lake la kwanza ni, "Mko na kitambaa?"

Wiki hiyohiyo Bi. Edah alipita chumba hadi chumba akivikusanya vitambaa vyake vyote kumi na vitano, akavifua sukari yote ikaisha, akavirudisha vikiwa laini. Vimelegea, vinaning'inia, havisimami tena kama sahani. Hakuna aliyelalamika.

Mafanikio yake mengine ni mengi. Aliipanga upya masjala mwaka 1992 kwa namna ambayo hadi leo faili la mkulima yeyote hupatikana kabla maji ya chai hayajachemka. Amefundisha makarani kumi na mmoja, na watatu kati yao sasa ni wasimamizi. Baada ya 2004 alijisajili katika masomo ya kompyuta ya Jumamosi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, akaketi darasani kando ya vijana waliokuwa rika la watoto wake, na akawa wa pili. Bado anadai wa kwanza alinakili.

Wiki iliyopita alinikabidhi meza yake. Ndani ya droo kulikuwa na brashi ya taipureta, kijiko cha chai chenye mpini uliopinda, kikaratasi cha Bwana Gichuki, na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, mistari minne ya wino wa buluu. Haijachapwa. Nilimuuliza nifanye nini nayo. Aliipapasa kwa kiganja kama anayepima homa, akasema niiache, bado ina moto kidogo.

Bi. Edah, wewe uliyetufundisha kusikiliza kabla ya kuhukumu, Ushirika mzima unakushukuru, wa Kitale na wa Bungoma. Wafanyakazi wamekufumia kitambaa. Mafundo si sawa, kwa maana wengi wetu tulikuwa tunajifunza, na hakina sukari hata punje. Nenda nacho nyumbani Sirisia. Shamba likupokee, migomba ikuzalie, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na asubuhi zako zote, za ukungu na za jua, ziwe njema.

Faili lako la utumishi ni namba 1-7788. Nimeichapa leo saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha, kwa kibodi ileile, haraka niwezavyo. Tarakimu zote zimetokea.

Jerono, chumba cha lebo